Twiga hakunyoosha shingo

"Ilimchukua twiga muda gani kunyoosha shingo hadi ikafika pale?" Swali hili nimeulizwa na walimu wa madarasa ya awali, na wazazi, hata na watu wanaoandika vitabu vya watoto. Nikishajibu, huambiwa: "Lakini ndivyo tulivyofundishwa." Najua. Ndivyo mlivyofundishwa, na ndivyo mnavyowafundisha watoto wa miaka sita leo. Naomba tuache.

Hakuna twiga hata mmoja, tangu twiga wawepo duniani, aliyetamani majani ya juu, akajivuta, shingo ikarefuka, kisha akamrithisha mwanawe urefu alioupata kwa jasho lake. Hadithi hii inapendwa kwa sababu inafanana na wosia tunaowapa watoto: ukijitahidi utafika. Wosia huo ni mwema, ila mwili wa mnyama haurithishwi hivyo.

Ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Wamaasai wametoboa na kuvuta ndewe za masikio kwa vizazi vingi. Ingia wodi ya wazazi yoyote kule Arusha umtazame mtoto wa Kimaasai aliyezaliwa leo asubuhi: ndewe zake ni sawa na za mtoto wa kitanda cha pili. Jando limefanyika pwani na bara kwa karne nyingi, lakini kila mvulana bado anazaliwa na govi, na kila kizazi kinamhitaji ngariba wake. Huko Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, August Weismann aliwakata panya mikia kwa vizazi vitano mfululizo. Wakazaliwa watoto 901, na hakuna hata mmoja aliyekosa mkia. Kinachopatikana mwilini kwa kukatwa, kuvutwa au kuzoezwa hufa na mwili huo.

Sasa shingo ilirefukaje? Muulize mkulima wa mahindi. Wakati wa kuvuna hutenga magunzi yenye punje nono akayahifadhi kwa mbegu, na mengine yanaliwa. Hakuna hindi lililojitahidi kunenepa. Yalitofautiana tangu shambani, yakachaguliwa machache, na hayo ndiyo yaliyopandwa msimu uliofuata. Porini hakuna mkulima. Kiu, njaa, ugonjwa na simba ndivyo vinavyoamua nani azae na nani asizae. Wataalamu bado wanajadili ni jambo gani hasa liliwapendelea twiga wenye shingo ndefu: majani ambayo swala hawayafikii, au mapigano ya madume wanaopigana kwa shingo. Lakini njia ni ile ile: waliozaliwa nazo ndefu kidogo waliacha watoto wengi zaidi, kizazi baada ya kizazi.

Anayetaka kuona jambo hili likitokea mbele ya macho ya watu atazame Hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1977 hadi 1992, tembo waliuawa kwa ajili ya pembe zao hadi zaidi ya asilimia 90 wakatoweka. Kabla ya vita, karibu jike mmoja kati ya watano alikuwa hana pembe kwa kuzaliwa. Baada ya vita, karibu nusu ya majike waliobaki hawakuwa nazo. Hakuna tembo aliyeogopa bunduki akaangusha pembe zake. Wenye pembe walipigwa risasi, wasio nazo wakaachwa, wakazaa, na mabinti wengi wakafuata mama zao.

Hapo ndipo ninapoambiwa: "Mtaalamu, hayo ni makubwa kwa mtoto wa darasa la kwanza." Si kweli, na udhuru huu unanichosha kuliko swali lenyewe. Mtoto wa miaka sita anajua kwamba yeye na nduguye hawafanani kila kitu. Anajua kwamba amechukua pua ya mama au urefu wa baba. Anajua kwamba mwewe akishuka uani, si vifaranga wote wanaofika chini ya mbawa za kuku. Watu hutofautiana, tofauti hurithiwa, na si wote wanaofikia kuzaa. Mambo ni hayo matatu tu, na mtoto amekuja nayo kutoka nyumbani. Sisi ndio tunaoyafuta tukamwekea twiga anayejivuta.

Basi mwalimu afanye nini? Kwanza, achunge neno "ili". "Duma ana mbio ili akamate swala" humfanya mtoto aone duma alipanga. Sema: "Duma ana mbio, kwa hiyo humkamata swala." Pili, mchezo. Mwaga punje 20 za choroko na 20 za maharage mekundu juu ya majani mabichi. Watoto wawe ndege, waokote moja moja kwa sekunde kumi. Hesabuni zilizobaki, na kila iliyobaki "izae" moja ya rangi yake. Rudieni mara tatu, kisha uliza: kuna haragwe lililogeuka kijani? Tatu, midomo ya ndege: mpe mmoja kijiko, mwingine kibanio cha nguo, mwingine mrija, uweke mchele, nyuzi na maji, waone nani anashiba wapi. Nne, toka nje. Panzi na mjusi wa ukutani wanatosha, mbuga si lazima. Na ukiwa huko, rekebisha haya pia: nundu ya ngamia ina mafuta, haina maji, na kinyonga hageuki rangi ya kila kitambaa anachowekwa juu yake. Rangi yake hufuata zaidi hali yake, joto, na kinyonga mwenzake aliye mbele yake.

Nasisitiza kwa sababu kosa hili halibaki darasani. Mtoto aliyeaminishwa kwamba mnyama hubadilika akitaka atakuwa mtu mzima anayekata msitu au kukausha bwawa huku akisema, "Watazoea." Chura wa Kihansi hakuzoea. Ni kiumbe asiyefika hata sentimita tatu, anayezaa vitoto kamili badala ya viluwiluwi, na dunia nzima aliishi mahali pamoja tu, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, kusini mwa Tanzania. Maji mengi yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Watu wakaweka mabomba ya kunyunyizia maji, kisha ukaja ugonjwa wa kuvu. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kama wapo wanaorudishwa Kihansi tangu mwaka 2012, ni kwa kuwa karibu 500 walikuwa wamechukuliwa mapema, mwaka 2000, wakapelekwa Marekani na kuzalishwa katika bustani za wanyama.

Mwalimu mwenzangu, mzazi mwenzangu, usimwambie mtoto kwamba mnyama atazoea. Mwambie kwamba makao yake yakiharibiwa haraka kuliko anavyozaa, anakufa.