Je, Wajua? Hewa Ndiyo Inayoongoza Rangi

Je, wajua kwamba madoa yanayoharibu bawa la ndege ndogo ya plastiki wakati mwingine hayatokani na rangi, bali na hewa inayoipuliza? Kompresa ikibana hewa, hewa hupata joto. Ikipoa ndani ya mpira wa hewa, mvuke wake hugeuka matone, na tone moja likifika kwenye nozeli ya brashi ya hewa linatema doa. Kwa hiyo nunua kichuja maji kabla ya kufikiria brashi ya pili ya hewa. Kifunge wima, mbali kidogo na kompresa, ili hewa iwe imeshapoa inapokipitia.

Kompresa yenye mtungi ni bora zaidi. Pistoni husukuma hewa kwa mapigo, na pasipo mtungi wa kuituliza, mstari mwembamba hutoka kama mwandiko wa mkono unaotetemeka.

Usahihi wa mstari huo una sababu. Mabawa ya ndege halisi ya kivita ya Spitfire yana upana wa mita 11.2; kwa kipimo cha 1/72 ni sentimita 15.6 tu. Rangi ikitawanyika milimita 2 pembeni ya baka la rangi, ni sawa na sentimita 14 kwenye ndege yenyewe! Hapo sindano na nozeli ya milimita 0.2 hufaa; 0.5 iachie rangi ya msingi.

Ukisogeza brashi karibu na ndege, ongeza tina kwenye rangi, kisha shusha presha. Kwa baadhi ya brashi, valvu ndogo iliyo chini yake hukuwezesha kuipunguza kwa vidole, bila kuinuka kwenda kwenye kompresa.