Neno "Stage" na Jamaa Zake katika Kiswahili cha Nairobi

Mwanafunzi atokaye Chuo Kikuu cha Nairobi kwa upande wa Barabara ya Harry Thuku hukutana, kabla hajapiga hatua nyingi, na Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza uliofunguliwa mwaka wa 1952. Ndani yake mna "stage", nayo kwa Kiswahili tunaiita jukwaa. Akiendelea kwa miguu hadi Kencom atakuta "stage" nyingine, ila hii hakuna Mnairobi aiitaye jukwaa. Hii ni steji. Na akifika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kumjulia hali mgonjwa wa saratani, huenda akaambiwa kwamba maradhi yamefika "stage" ya tatu, na hapo si jukwaa wala si steji. Makala haya yanadhamiria kulichunguza neno hili, na hasa kuuliza ni wapi tuna haki ya kulikopa na ni wapi kulikopa kwetu kunamdhuru msikilizaji.

Wanasemantiki huliita neno la namna hii neno lenye polisemia: maana ni nyingi, lakini zote zina uhusiano wa nasaba. Kiingereza kina maneno mengi ya aina hiyo. Kidahizo "set" peke yake kilipewa maana zaidi ya 400 katika toleo la 1989 la kamusi kuu ya Oxford. "Stage" haifikii wingi huo, lakini nasaba yake ni rahisi kuifuata. Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha kale, nacho kikalipata kutoka Kilatini, katika kitenzi "stare", yaani kusimama. Mahali pa kusimama pakawa ghorofa, kisha jukwaa, kisha pahali pa kupumzika safarini. Na kwa sitiari safari yenyewe ikawa maisha, ugonjwa au mradi wowote wenye sehemu sehemu.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Kiswahili kimelikopa shina hili zaidi ya mara moja bila wasemaji kutambua. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899 ilikuja na stesheni, neno lililokwisha kuzoeleka hata kamusini. Watanzania wana stendi ya mabasi. Wakenya wana steji. Maneno yote matatu, ukiyafuata hadi chimbuko lake, ni watoto wa kusimama. Kwa hiyo Mkenya amchekaye Mtanzania kwa stendi yake, na Mtanzania amchekaye Mkenya kwa steji yake, wanachekana ndugu kwa ndugu.

Tuitazame steji yenyewe. Mabasi ya umma yalianza kuhudumu Nairobi mwaka wa 1934, chini ya utawala wa Waingereza. Katika usafiri wa Kiingereza, pahali ambapo nauli hubadilika njiani paliitwa "stage", na yamkini ndiyo asili ya matumizi yetu. Matatu ziliporuhusiwa rasmi mwaka wa 1973, neno lilikuwa tayari kutumiwa na kila mtu. Leo abiria hasemi "nishushe kituoni". Husema "steji", neno moja tu, na utingo hugonga bodi la gari. Kisarufi neno limetulia katika ngeli ya I-ZI: steji hii, steji zile, ingawa masikio yetu hayakosi kusikia "masteji" pia.

Majina ya steji ni somo peke yake. Kencom ni jina la jengo. Ambassadeur ni jina la hoteli. Odeon ilikuwa sinema, na neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, jumba la muziki na nyimbo. Kwa hiyo anayesubiri gari Odeon anasimama kwenye steji iliyopewa jina la jumba la maonyesho, na maana mbili za "stage" zinakutana kichwani mwake bila habari. Ukielekea magharibi, nambari nazo hugeuka majina ya mahali. Nambari ya njia ya basi imekuwa jina la mtaa, ndiyo maana mtu hujibu kwamba anaishi Kawangware 46. Upande wa Uthiru na Kinoo kuna pahali paitwapo 87. Hii ni metonimia ya wazi kabisa, na mwalimu wa semantiki hana haja ya kutafuta mifano ng'ambo.

Lakini je, steji ni kituo? Wasahihishaji wengi wa insha hulipiga neno hili mstari mwekundu na kuandika "kituo" juu yake. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba jambo ni jepesi hivyo. Kituo hujengwa, kina bango, pengine paa na benchi. Steji huweza kukosa vyote hivyo na bado ikawa steji. Tena steji huhama. Tarehe 3 Disemba 2018, serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipozuia matatu zisiingie katikati ya jiji, wafanyakazi walitembea mwendo mrefu kwenda kazini, na marufuku hayo yakasitishwa muda mfupi baadaye. Vibanda na mabango havikusogea siku ile. Kilichosogea ni steji.

Zaidi ya hayo, steji ni watu. Waendesha bodaboda wa Kangemi au Kawangware husema "yeye ni wa steji yetu", nao hawana maana ya kipande cha ardhi. Wana maana ya chama: kuna mwenyekiti, kuna ada ya kujiunga, kuna mchango mwenzao anapofiwa au kuvunjika mguu, na kuna zamu ya kubeba abiria. Asiye wa steji akipakia hapo ataulizwa ameruhusiwa na nani. Uganda nako waendesha bodaboda hulitumia neno hilihili kwa maana hiyohiyo. Mfasiri aandikaye "mwanachama wa kituo chetu" atakuwa ametafsiri neno na kuiacha jamii nje.

Hata hivyo tusilidharau neno kituo, kwani lina utajiri ambao Kiingereza hakina. Linatokana na kutua: ndege hutua, msafiri hutua mzigo, jua nalo hutua. Mtungaji wa shairi ana kituo chake mwishoni mwa ubeti. Mwandishi ana alama za vituo. Kuna kituo cha polisi, cha mafuta, cha afya, cha redio na cha kupigia kura. Ikiwa "stage" ni pahali pa kusimama, kituo ni pahali pa kupumzika, na tofauti hiyo ndogo ya asili huenda ndiyo inayoeleza kwa nini steji ya Nairobi, isiyo na pumziko lolote, haikubali kwa urahisi kuitwa kituo.

Jukwaa halina ubishi mkubwa. Limetoka kwenye ulingo wa mbao hadi kuwa nafasi ya kutoa maoni, na historia ya tamthilia nchini inaonyesha kwamba nafasi hiyo haikutolewa bure: Mzalendo Kimathi ilichezwa katika Ukumbi wa Kitaifa kwa Kiingereza mwaka wa 1976, na mwaka uliofuata maonyesho ya Kikikuyu ya wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, yalisimamishwa na serikali. Kitenzi kilichozaliwa na "stage" nacho tumekipatia njia: maandamano huandaliwa, tamthilia huigizwa.

Tunabaki na hospitali, na hapa ndipo uzito wa suala ulipo. Wataalamu husema hatua, awamu, kiwango au daraja, na kutopatana kwao kumeipa "steji" mlango wa kuingilia. Msikilizaji wa Nairobi ana picha moja tu ya steji ya mwisho: pale gari linapogeuka na abiria wote hushuka. Ukimwambia mama wa Kawangware kwamba mwanawe yuko "steji ya mwisho", umemwambia mengi kuliko alivyokusudia daktari. Kiwango nacho hudokeza wingi, kama kiwango cha sukari. Hatua ina kasoro yake pia, kwani humfanya msikilizaji adhani kwamba mgonjwa lazima apite ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa zamu, ilhali saratani hupangiwa namba kulingana na ilivyoenea wakati wa kugunduliwa, na kwa kawaida namba hiyo haibadilishwi baadaye. Pamoja na kasoro hiyo, hatua ndilo neno ambalo makala haya yanapendekeza, maadamu mwenye kulitamka ataongeza sentensi moja: namba hii inaeleza ugonjwa umeenea hadi wapi, na matibabu yatachaguliwa kwa kuitazama.