Kisu unachovunia mboga kisikuletee pepopunda

Jioni ikiingia Lamadi, mji mdogo ulio kando ya Ziwa Victoria katika Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, moshi wa majiko huanza kupanda huku magari yakiendelea kupita katika barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Nyuma ya nyumba nyingi kuna kibustani: matuta mawili ya mchicha, matembele yaliyotambaa hadi kwenye uzio, mashina machache ya sukuma wiki, maboga, bamia na nyanya chungu.

Mboga hizo huchumwa dakika chache kabla ya kupikwa. Wapo wanaochuma kwa mkono, lakini wapo wengi, hasa wanaume na vijana, wanaoingiza mkono mfukoni na kutoa kisu cha kukunja.

Kisu hicho kina mwenyewe. Amekinunua mnadani, amekinoa kwa mkono wake na hapendi kukiazimisha. Tatizo ni kwamba hakivuni mboga tu. Asubuhi kimekata kamba ya ng'ombe zizini. Mchana kimepasua samaki mwaloni na kukata nyuzi za nyavu. Kikamenya chungwa stendi, kikakata kucha, na sasa jua likizama kinakata mchicha atakaokula mtoto wa miaka miwili.

Kula mboga za bustanini ni jambo jema, na safu hii haina nia ya kumkataza mtu. Mchicha, mgagani, matembele na majani ya maboga ni vyanzo vizuri vya vitamini A, madini ya chuma na foliki asidi, ambavyo watoto na wajawazito wanavihitaji sana. Leo tunazungumzia chombo kinachozivuna na mkono unaokishika.

Jeraha dogo lisilopuuzwa

Tuchukue mfano. Baba anakata mchicha kwenye tuta aliloweka samadi ya ng'ombe. Kisu ni butu, kwa hiyo analazimika kutumia nguvu. Kinateleza na kumchana kidole cha shahada. Damu inatoka kidogo, anakinyonya kidole, anapaka majivu, anafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Kesho yake ameshasahau.

Siku ya nane anaamka taya limekaza. Anadhani ni jino. Jioni shingo inakakamaa na kumeza chakula kunakuwa shida. Siku inayofuata mgongo unajikunja kwa maumivu makali kila anaposikia kelele au anapoguswa. Baadhi ya ndugu wanaanza kusema amerogwa, na muda unapotea.

Huo ni ugonjwa wa pepopunda. Husababishwa na bakteria ambao mbegu zao huishi kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, wakiwamo ng'ombe, mbuzi na farasi. Mbegu hizo zikiingia kwenye jeraha, bakteria hukua na kutoa sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Kwa kawaida dalili hujitokeza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, na wakati huo jeraha lenyewe linaweza kuwa limeshapona.

Kuna mambo matatu ambayo wengi hatuyajui kuhusu ugonjwa huu.

Kwanza, kutu peke yake haileti pepopunda. Watu wengi huogopa msumari wenye kutu na kukiamini kisu kinachong'aa. Ukweli ni kwamba kisu kipya kilichogusa udongo au samadi kinaweza kubeba mbegu za ugonjwa huu sawa na kile chakavu.

Pili, mbegu hizo ni sugu. Zinastahimili joto na dawa nyingi za kusafishia, na hukaa kwenye udongo kwa miaka. Kuosha kisu kunapunguza uchafu, lakini hakukuhakikishii kwamba mbegu zote zimeondoka. Kinga ya kuaminika ni chanjo.

Tatu, aliyeugua pepopunda akapona anaweza kuugua tena. Mwili haujengi kinga kutokana na ugonjwa wenyewe, kwa hiyo naye anahitaji chanjo.

Mama amechanjwa, baba je?

Hapa ndipo kwenye pengo kubwa katika familia zetu. Mtoto anayepelekwa kliniki hupata chanjo yenye kinga ya pepopunda akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama hupewa chanjo hiyo anapohudhuria kliniki ya wajawazito, ili kumlinda yeye na mtoto atakayezaliwa. Mama aliyezaa mara kadhaa na kuhudhuria kliniki huenda ameshapata dozi zote tano.

Baba hana kliniki inayomwita. Kama alichanjwa utotoni, kinga hiyo imepungua kadiri miaka ilivyokwenda. Kama hakuchanjwa kabisa, hana kinga yoyote. Na mara nyingi ndiye anayefunga ng'ombe, anayebeba samadi, anayechinja na anayetembea na kisu mfukoni. Kijana wa kiume anayechunga mifugo yuko katika hali hiyo hiyo.

Mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa, au hakumbuki kama aliwahi, huanza na dozi ya kwanza, akarudi baada ya angalau wiki nne kwa dozi ya pili, kisha miezi sita baadaye kwa ya tatu. Baada ya hapo huongezewa dozi za kuimarisha kinga. Baba akiwasindikiza mama na mtoto kliniki, aulize kuhusu yake, na kadi yake aitunze kama anavyotunza ya mtoto.

Ukijikata, fanya hivi

Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 mfululizo bila kufungua kila mara kuangalia. Damu ikikata, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Hakikisha mchanga na vipande vya majani vimetoka. Kausha kwa kitambaa safi, kisha funika.

Usipake majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno, udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Usikinyonye kidole. Mambo hayo huingiza vijidudu zaidi au kuunguza nyama iliyo hai.

Nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo kama jeraha ni refu au limefunguka, kama damu haikati baada ya kubonyeza, kama kisu kimechoma kwa ndani, kama kidole kimekufa ganzi au hakikunjiki, au kama jeraha limeingiwa na udongo au samadi. Ganzi na kushindwa kukunja kidole huashiria kwamba neva au kano imekatika, na hilo halifai kusubiri.

Ukifika, mweleze mhudumu kisu kilikuwa kimetumika kwa kazi gani na mara ya mwisho ulichanjwa lini. Kwa jeraha chafu, chanjo huongezwa ikiwa imepita miaka mitano au zaidi tangu dozi ya mwisho. Usiyejua historia yako hupewa chanjo, na mhudumu anaweza kuona unahitaji pia sindano ya kingamwili.

Taya likianza kukaza au shingo kukakamaa, usisubiri kupambazuke. Matibabu ya pepopunda huhitaji hospitali yenye uwezo wa kumsaidia mgonjwa kupumua, na kutoka Lamadi hadi Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Kila saa ina thamani.

Kutoka tutani hadi sufuriani

Hatari ya pili ni ya tumbo. Moto wa jiko huua vijidudu vingi vilivyo kwenye mchicha. Lakini kisu kile kile, kabla hakijaoshwa, mara nyingi hukata pia nyanya na vitunguu vya kachumbari, ambavyo havipikwi. Hapo uchafu wa zizi na udongo huingia moja kwa moja mdomoni. Kwa mtoto mdogo, matokeo yake yanaweza kuwa kuhara, homa ya matumbo au minyoo.

Suluhisho si la gharama. Tenga kisu kimoja kwa ajili ya bustani na jikoni tu. Cha zizini na cha mwaloni kibaki huko huko. Kisu cha kukunja kina siri yake: uchafu hujificha kwenye mfereji wa mpini na pale kinapokunjia. Kifungue chote, kisugue kwa sabuni na mswaki wa zamani, kisuuze na kukiacha kikauke kabla ya kukikunja.

Kisitumike kukata kucha wala kutumbua jipu. Kikimkata mtu, kioshwe kabla mwingine hajakishika. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku saba, hata kwenye damu iliyokauka.

Kwa wakazi wa kando ya ziwa lipo la kuongeza. Usiende kusimama majini ili kuoshea kisu na mboga. Vimelea vya kichocho hupenya kwenye ngozi mtu anapokanyaga maji yenye konokono wanaovibeba. Teka maji ya bomba au kisima kilicho salama. Kama huna budi kutumia ya ziwani, yachemshe au yatibu kwa dawa ya klorini, hasa ya kuoshea mboga zinazoliwa mbichi.

Samadi nayo isiwekwe mbichi kwenye mboga za majani. Iache ioze kwa miezi kadhaa hadi ifanane na udongo na isiwe na harufu kali. Ukipulizia dawa ya wadudu, soma kibandiko na uhesabu siku zinazotakiwa kupita kabla ya kuvuna.

Vuna vizuri, upate lishe

Kisu kikali ni salama kuliko butu, kwa sababu hakihitaji nguvu nyingi na hakitelezi ovyo. Kata kuelekea upande wa nje, si kuelekea tumboni wala kwenye kidole gumba. Kikunje kabla ya kunyanyuka na kutembea.

Vuna asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa limepoa, ili majani yasinyauke. Mchicha ukiukata na kuacha kisiki chenye macho machache ya majani, utachipua tena. Kwa sukuma wiki, ondoa majani ya chini na uache moyo wa juu uendelee kukua. Kwa njia hiyo tuta moja litalisha familia kwa wiki nyingi.

Osha majani kabla ya kuyakatakata, si baada. Ukishayakatakata na kuyaloweka, vitamini C na foliki asidi huyeyuka na kumwagwa pamoja na maji. Pika kwa muda mfupi, weka mafuta kidogo kusaidia mwili kufyonza vitamini A, na uongeze nyanya au ndimu ili madini ya chuma yafyonzwe vizuri zaidi. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya mlo, kwa sababu huzuia ufyonzaji huo.

Kwa wagonjwa na wazazi

Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi. Vidonda vyake huchelewa kupona na vidole vyenye ganzi havimwambii mapema kwamba amejikata. Akitoka bustanini akague mikono na miguu, na asiingie tutani pekupeku.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, hasa warfarini, ajue mambo mawili: jeraha lake litatoka damu kwa muda mrefu, na mboga za kijani zenye vitamini K hubadilisha nguvu ya dawa hiyo. Haimaanishi aziache. Ale kiasi kinachofanana kila wiki na amwambie daktari wake. Mgonjwa wa figo naye aulize ni mboga zipi na kwa kiasi gani, kwa sababu ya madini ya potasiamu.

Kwa watoto, kisu cha kukunja kinavutia kama mchezo. Kina mlio wake kinapofunguka, na mtoto ameona baba anakipenda. Usikiache kwenye mfuko wa suruali iliyotundikwa ukutani mahali anapofikia. Mtoto mdogo achume kwa mkono. Matembele na majani ya maboga hayahitaji kisu. Mkubwa kidogo afundishwe akiwa amekaa, mtu mzima akiwa pembeni, na azoee kunawa mikono kwa sabuni akitoka bustanini.

Jioni ya leo, kabla hujaingia bustanini, kifungue kisu chako ukitazame. Kisha jiulize swali ambalo kisu hakiwezi kukujibu: mara ya mwisho nilichanjwa pepopunda lini? Kama hukumbuki, kesho pitia zahanati.