Kabla ya PIN Kulikuwa na Kufuli

Sisi tunaoshinda tukikumbusha wateja wafiche PIN tulifurahia sana stori ya Ardeshir Godrej, Mparsi wa Bombay aliyezaliwa 1868 katika familia ya biashara.

Alisomea sheria, akatumwa Zanzibar kusimamia kesi. Huko akakataa kupindisha ukweli ili mteja wake ashinde. Uwakili ukaishia hapo, akarudi kwao.

Akakopa rupia 3,000 kwa rafiki wa babake, akatengeneza vifaa vya upasuaji. Mnunuzi alivipenda, lakini hakutaka viandikwe vimetengenezwa India. Godrej akagoma, biashara ikazama. Na deni lilikuwa bado! Tukisema ukweli, wengi wetu tungefuta tu hayo maandishi.

Kisha akasoma gazetini kwamba wizi wa nyumba umezidi mjini. Akarudi kwa yule yule aliyemdai, akamwomba mtaji tena, na 1897 akaanza kutengeneza kufuli. Baadaye zikafuata sefu za chuma.

Alifariki 1936. Miaka minane baadaye meli yenye baruti ililipuka bandarini Bombay, moto ukala mitaa ya karibu. Sefu za Godrej zilipofunguliwa, vilivyokuwa ndani vilikuwa salama.