Jiko la farasi limo tumboni

Asubuhi ya Januari huko Norway si ajabu kukuta farasi wamesimama uwanjani, theluji imewalalia mgongoni, nao wametulia wakitafuna. Mtu aliyekulia Tanga au Kisumu akiwaona atauliza mwenyewe ana roho gani, hata anashindwa kuwaingiza bandani. Ni huruma njema, lakini inampima mnyama kwa ngozi ya binadamu. Theluji ile haijayeyuka kwa sababu joto la mwili wa farasi, ambalo ni kama nyuzi 38, limezuiwa na manyoya lisifike juu. Wa kumwonea wasiwasi ni yule ambaye theluji inamyeyukia mgongoni na kumlowesha.

Manyoya hayo hayangoji baridi ndipo yaote. Yanaongozwa na mwanga. Mara tu mchana unapoanza kufupika katikati ya kiangazi, ubongo wa farasi hupata habari, na maandalizi ya koti la baridi huanza jua likiwa bado kali. Sisi wa karibu na Ikweta, ambao mchana wa Juni na wa Desemba kwetu haupishani sana, si rahisi kuliwazia jambo hili. Ndiyo maana farasi anayewashiwa taa bandani hadi usiku mwingi hubaki na manyoya mafupi, na hapo blanketi inakuwa lazima.

Kila unywele una msuli mdogo kwenye shina lake. Baridi ikizidi, misuli hiyo huvuta, manyoya yakasimama na kunasa hewa katikati yake. Ni kule kule kusimamwa na malaika kunakotupata sisi, ila ya kwetu ni haba mno kutufaa kitu. Farasi mzima, aliyeshiba na mkavu, akiwa na koti kamili, hahitaji kuongeza nguvu za kujipasha moto mpaka baridi ifike takribani nyuzi 8 chini ya sifuri. Akilowa mvua, manyoya hulala, hewa hutoka, na mpaka huo hupanda hadi karibu nyuzi 15 juu ya sifuri. Nyuzi 15, asubuhi ya kawaida kabisa Njombe au Limuru! Kwa hiyo manyunyu ya Novemba yenye upepo humtesa farasi kuliko theluji kavu ya Januari.

Norway huko huko watafiti waliamua kuwauliza farasi wenyewe. Waliwafundisha farasi 23 kugusa kwa pua mbao zenye alama: mstari uliolala maana yake nivisheni blanketi, mstari uliosimama nivueni, na ubao mtupu niacheni nilivyo. Karoti ndizo zilizokuwa ujira wao, na kwa muda usiozidi wiki mbili wote walikuwa wameelewa. Matokeo yalichapishwa 2016. Siku za hali nzuri ya hewa farasi walichagua kukaa bila blanketi; siku za mvua, upepo na baridi waliiomba. Mimi hapa ndipo ninapoona somo kubwa kwa mfugaji yeyote, kwamba mnyama ana maoni juu ya mwili wake na yanaweza kusikilizwa. Anachohitaji zaidi ni kibanda cha kuta tatu kilichoupa upepo mgongo, aingie na kutoka kwa hiari yake. Banda lililozibwa kila upande hujaa mvuke mkali wa mkojo na vumbi la nyasi, na mapafu ndiyo yanayolipa.

Basi joto lenyewe linatoka wapi? Tumboni. Mwanzoni mwa utumbo mpana farasi ana mfuko mkubwa ambamo bakteria huchachusha nyuzinyuzi za majani, na kazi hiyo hutoa joto saa zote, kama jiko la pumba lililokokwa jioni na kuachwa liungue polepole hadi asubuhi. Kuni zake ni nyasi kavu. Wengi hukimbilia kuongeza mahindi au shayiri wakidhani nafaka ndiyo yenye nguvu, kumbe wanga humeng'enywa mapema kwenye utumbo mwembamba na hautoi joto kama hilo. Isitoshe, nafaka nyingi ya ghafla huweza kuleta msokoto wa tumbo na ugonjwa wa kwato. Farasi wa kilo 500 hula kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Kila nyuzi moja inaposhuka chini ya ule mpaka wake, aongezewe takribani asilimia 2. Usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri hizo ni kilo mbili na ushei.

Hatari inayojificha kuliko zote ni kiu. Majani mabichi ya malishoni yana maji mengi, nyasi kavu hazina karibu kitu, kwa hiyo farasi wa majira ya baridi anahitaji kunywa lita 25 au zaidi kila siku, wakati ule ule ambao maji yanaganda. Akipewa yanayokaribia barafu hunywa kidogo, chakula hukauka utumboni na kuuziba, na msokoto wake huua. Ndoo zivunjwe barafu mara kadhaa kwa siku, au bora zaidi, maji yapashwe moto kidogo. Jiwe la chumvi karibu nalo humtia hamu ya kunywa.

Kundi nalo lina wakubwa na wanyonge. Mwenye nguvu humfukuza mdogo penye nyasi, tena humfungia mlango wa kibanda. Mafungu ya nyasi yawe moja zaidi ya idadi ya farasi, yakae mbalimbali, ili anayefukuzwa apate pengine pa kwenda. Macho hayatamwona mnyonge huyo akikonda, maana koti nene huficha kila kitu. Ingiza vidole ndani ya manyoya, utafute mbavu, na ufanye hivyo kila wiki chache, hasa kwa wazee ambao meno yameisha.

Na kama kundini kuna punda, yeye ana habari nyingine. Asili yake ni huku Afrika, kwenye nchi kame. Watafiti nchini Uingereza walipopima manyoya kwa majira yote ya mwaka, ya farasi yalikuwa mazito zaidi wakati wa baridi. Ya punda hayakubadilika sana. Mvua ikianza kunyunya na farasi wakabaki uwanjani wakitafuna, mshike huyo kamba, umtangulize kibandani.