Kamongo nyuma ya kioo

Kila baada ya dakika chache kamongo hunyanyuka taratibu kutoka chini ya tangi. Mwili wake mrefu unajipinda kama wa mkunga, na mapezi yake manne yananing'inia mithili ya vipande vya kamba. Ncha ya mdomo inagusa uso wa maji, kinywa kinafunguka, na ukiwa umekaa karibu unaisikia pumzi ikivutwa. Viputo viwili vitatu vinatoka nyuma ya kichwa, naye anazama tena. Ni samaki mwenye mapafu.

Wanasayansi wanamwita Protopterus aethiopicus, Waganda mmamba. Ziwa Kivu halina kamongo. Yuko kaskazini ya Goma, katika Ziwa Edward, ambako wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge humtoa majini pamoja na tilapia na kambale. Hukua hadi kukaribia mita 2. Kumwona sebuleni mwa mtu ni jambo adimu, na anayempata mtoto wa sentimita 20 hushawishika haraka kumweka kwenye kioo, hasa hapa Goma, kwa sababu moja inayoonekana ya maana kabisa: umeme ukikatika, kamongo hafi.

Hilo ni kweli. Samaki wengi hutegemea oksijeni iliyoyeyuka majini, na katika tangi lenye samaki mkubwa oksijeni hiyo huisha upesi pampu ikisimama. Umeme ukiondoka saa nne usiku, alfajiri unamkuta samaki kageuka tumbo juu. Kamongo mzima hupata takriban sehemu tisa kwa kumi za oksijeni yake kutoka hewani. Anachohitaji ni nafasi ya sentimita kama 15 kati ya maji na kifuniko. Ukijaza tangi mpaka juu kabisa utamzamisha, na kwa samaki huyu neno kuzama lina maana ileile linayokuwa nayo kwetu.

Lakini pafu lake hufanya nusu ya kazi tu. Oksijeni huipokea juu, ila sehemu kubwa ya hewa chafu, pamoja na amonia inayotokana na chakula, huitoa chini, kwa matamvua na ngozi, ndani ya maji yaleyale anamolala. Ziwani amonia hiyo hupotea katika maji mengi. Kwenye kioo haina pa kwenda.

Kinachomwokoa hapo ni bakteria. Katika sifongo na changarawe za kichujio huota makundi mawili: moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia hadi siku ya kubadilisha maji. Makundi haya huchukua wiki nne hadi sita kukomaa katika tangi jipya. Nayo yanapumua. Yanahitaji maji yenye oksijeni yapite juu yao mchana na usiku, na hayana pafu.

Basi turudi kwenye ule usiku wa umeme kukatika, tuseme ni katika mtaa wa Himbi au Katindo. Pampu inanyamaza. Kamongo anaendelea kupanda juu na kuvuta hewa kana kwamba hakuna lililotokea. Ndani ya kichujio kilichofungwa, oksijeni inaisha katika saa chache na bakteria wanaanza kufa. Umeme unaporudi, pampu inasukuma uozo huo wote ndani ya tangi. Mwenye nyumba anaona samaki mzima na anashukuru. Siku tatu baadaye samaki anakataa chakula, ngozi inatoa ute mwingi, macho yanafifia kama yamewekewa ukungu. Hakuna anayekumbuka umeme wa Jumanne. Kwa mawazo yangu, huu ndio mtego mkubwa wa kufuga kamongo: pafu humkinga na kifo cha usiku mmoja na kukificha kile cha wiki nzima.

Maji ya Goma yanazidisha hatari hiyo. Amonia ina sura mbili majini, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine inayopenya kwenye matamvua na kuunguza. Kinachoamua kiasi gani kiwe katika sura ipi ni hali ya maji, inayopimwa kwa pH. Kwenye nyuzijoto 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika sura ya sumu. Yakifika pH 9, asilimia hiyo hupanda hadi kama 36. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya karibu 9, kwa sababu ya chumvichumvi za volkano. Kwa hiyo amonia ambayo mfugaji anayetumia maji laini angeipuuza, hapa tayari ni sumu. Anayefuga bila vile vichupa vya kupimia amonia kwa rangi anafuga gizani.

Sasa tuhesabu. Kamongo wa mita 1 anahitaji tangi lisilopungua mita 2 kwa urefu, sentimita 80 kwa upana na 60 kwa kina. Hizo ni lita 960, yaani bidoni 48 za lita 20, na uzito wa karibu tani moja sakafuni. Kubadilisha theluthi moja kila wiki ni bidoni 16. Zipange hizo juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, na uzipandishe kutoka ziwani hadi mlangoni kwako, wiki baada ya wiki, kwa samaki anayeweza kuishi miongo. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa, na watu wakarudi kuchota ziwani maji yasiyotibiwa ya kunywa. Sioni namna ya kumtetea samaki wa bidoni 16 mbele ya mama aliye kwenye foleni na bidoni moja. Kamongo mdogo, peke yake, kwa mwenye tangi la maji ya mvua na betri ya kuendesha pampu, sawa. Mkubwa, katika Goma ya leo, mimi singemfuga.

Samaki huyu amekwisha kutufaa sana bila kukaa sebuleni. Mwaka 1928 mtaalamu wa fiziolojia kutoka Marekani, Homer Smith, alikuja hadi Ziwa Victoria kumtafuta. Alitaka kujua kamongo anafanyaje anapojifukia kwenye tope linalokauka, akijifunika ganda la ute, bila kula wala kunywa kwa miezi mingi. Aligundua kwamba humo ndani kamongo huacha kukojoa, na badala ya amonia mwili hutengeneza urea, isiyo na ukali huo, na kuirundika mpaka mvua irudi. Smith alitumia maisha yake yaliyobaki akichunguza figo, na njia za kupima kasi ya figo za binadamu kuchuja damu zinadaiwa mengi na kazi yake. Kitabu alichokitoa mwaka 1932 alikiita Kamongo.

Kwa atakayefuga, mikono kwanza. Kamongo hana meno ya kawaida bali mabamba yanayovunja konokono, na kidole hakimshindi. Usitie mkono wenye kidonda tangini, kwani kuna bakteria wa maji, ndugu wa kifua kikuu, wanaoleta vipele visivyopona kwa miezi. Usinyonye mpira kwa mdomo unapotoa maji. Na katika mji unaokijua kipindupindu kama wetu, ndoo ya samaki isikanyage jikoni.

Ukimchoka, usimtupe Ziwa Kivu. Ziwa hili lina aina chache za samaki, na hata wale samaki wadogo tunaowaita sambaza waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Mwaka 2006 alionekana mgeni mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, ambaye hakuna aliyepanga aje, na sasa anagombea chakula na sambaza wanaolisha maelfu ya nyumba.

Kisha kuna siku ya kukimbia. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka, na siku tano baadaye amri ya kuhama ikatoka huku ardhi ikitetemeka na kuta kupasuka. Watu walibeba godoro, sufuria, mtoto mgongoni, wakaelekea mji wa Sake. Kamongo angeweza kufungwa ndani ya gunia bichi na kubebwa begani kwa saa kadhaa akiwa hai. Kichujio na bakteria wake wangebaki nyumbani, na huko Sake mwenye samaki angeanza upya kwa ndoo moja, akisubiri wiki sita.