Faibroidi: Uliza Imekaa Wapi

Je, wajua kwamba wanawake wengi wenye faibroidi hawana habari kama wanazo? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa kufikia umri wa miaka 50, wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100, na wazungu karibu 70, huwa wameota uvimbe huu kwenye kizazi. Ni misuli ileile ya mfuko wa uzazi, iliyoanzia kwenye seli moja ikazidi kuongezeka kwa kuchochewa na homoni za estrojeni na projesteroni. Si saratani, na ni nadra sana kilichodhaniwa kuwa faibroidi kuja kugundulika kuwa saratani. Basi kitu kinachoota kwa wengi kiasi hicho hakiwezi kuwa balaa kwa kuwapo tu. Kinachoamua ni mahali kilipokaa.

Faibroidi ya sentimita mbili iliyojitokeza ndani ya uwazi wa kizazi yaweza kumvujisha mwanamke damu hadi akaishiwa, na hata kumzuia kushika mimba. Nyingine kubwa kama chungwa, iliyoota upande wa nje, huenda isimtoe damu ya ziada hata tone; pengine itambana kibofu tu na kumwamsha usiku. Hedhi ikipita mililita 80 huhesabiwa kuwa nyingi. Kiasi hicho huondoka na takriban miligramu 40 za madini ya chuma, ilhali mwili kwa kawaida hufyonza miligramu moja au mbili kwa siku kutoka kwenye chakula, na nyingi ya hizo zina matumizi yake tayari. Deni hukua mwezi hadi mwezi: moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, kizunguzungu, hamu ya kula udongo. Wengi husingizia kazi. Hakuna apimaye mililita chooni, lakini pedi kulowa ndani ya saa moja, mabonge ya damu na hedhi kupita siku saba ni dalili tosha.

Wako wasemao heri kuutoa uvimbe mapema kabla haujakua. Hoja hiyo ina uzito kwa anayeteseka, na aliyemaliza kuzaa akichagua kuondolewa kizazi amepata tiba ya kudumu. Kwa asiye na dalili, kisu kina gharama: kovu, damu inayopotea mezani, na uwezekano wa nyingine kuota pale kizazi kinapoachwa, hali baada ya hedhi kukoma nyingi husinyaa zenyewe. Tena si lazima tumbo lipasuliwe. Kuna vidonge vya asidi ya traneksamiki vya kupunguza damu, kitanzi chenye homoni, upasuaji wa kupitia ukeni, na njia ya kuziba mishipa inayolisha uvimbe, iliyotangazwa na Ravina na wenzake wa Paris mwaka 1995.

Na dawa za mitishamba za kuyeyusha uvimbe? Kwa kuwa baadhi husinyaa bila dawa yoyote, ushuhuda usio na vipimo vya kabla na baada hauthibitishi kitu, na wakati wa kungoja damu inaendelea kutoka.

Ukipewa majibu ya ultrasaundi, dada, muulize daktari uvimbe umekaa wapi, kisha omba upimwe wingi wa damu. Kwa asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, nao unatibika hata kabla hujaamua la kufanya na uvimbe.